Beji ya nchi au ya mwangalizi, Bonn au COP: kijana apite mlango upi

Mtu binafsi hajisajili kwenye majadiliano ya tabianchi ya Umoja wa Mataifa. Huteuliwa. Fomu ya mtandaoni hujazwa na mwenye nenosiri, na wenye nenosiri ambao kijana anaweza kuwafikia ni wawili: mratibu wa kitaifa wa nchi yake, au mtu wa mawasiliano wa shirika lililokubaliwa kuwa mwangalizi. Upo pia mlango wa wanahabari, lakini huo ni wa wenye chombo na kazi za kuonyesha. Mwanaharakati akiupita huo atajikuta anauliza maswali badala ya kutoa hoja.

Wengi huanza kutafuta beji Oktoba, wakati dirisha la uteuzi limeshafungwa, kisha huchukua yoyote wanayopewa. Ni heri kuanza na kazi unayokwenda kuifanya, maana kila beji hufungua vyumba vyake na kufunga vingine, na mkutano wa Juni, ule wa Bonn huko Ujerumani, haufanani na COP, mkutano mkuu wa kila mwaka wa Novemba.

Kuingia na ujumbe wa nchi

Kwa Tanzania, mratibu wa kitaifa yuko Ofisi ya Makamu wa Rais, upande wa mazingira. Kwa Kenya, yuko wizara inayoshughulikia mazingira na mabadiliko ya tabianchi. Jina lako likishaingizwa na kuthibitishwa, unapokea barua ya uthibitisho kwa barua pepe, unaiwasilisha pamoja na pasipoti kwenye dawati la usajili, na hapo ndipo beji inapochapishwa. Jina kwenye fomu lifanane na la kwenye pasipoti herufi kwa herufi. Tofauti ndogo ya tahajia inatosha kukupotezea asubuhi nzima, au kuleta maswali ubalozini.

Beji hii inakupa kitu ambacho mwangalizi hana: kiti nyuma ya kibao chenye jina la nchi, hata mlango ukifungwa. Unaingia mashauriano yasiyo rasmi, unaingia vile vikao vya pembeni ambako wajumbe wachache wanainamia kompyuta moja wakibadilisha sentensi, na unaingia vikao vya uratibu wa makundi. Hivi vya mwisho vina uzito kuliko wengi wanavyodhani. Tanzania, Kenya, Uganda, Rwanda, Burundi na Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, zote husema kupitia kundi la wajadilianaji wa Afrika, AGN, ambalo mwenyekiti wake kwa 2025 na 2026 ni Tanzania, na pia kupitia G77 na China, kundi kubwa la nchi zinazoendelea. Zote isipokuwa Kenya zimo vilevile katika kundi la nchi zenye maendeleo duni zaidi. Hoja ya kijana ikipita kwenye kikao cha AGN asubuhi, mchana inaweza kusemwa kwa jina la nchi 54.

Bei yake ni ulimi. Ukivaa beji ya nchi unafungwa na msimamo wa nchi, hata pale unapoona msimamo huo ni dhaifu. Huandamani ukumbini, husaini tamko linaloilaumu serikali yako, na huzungumzi na mwandishi kuhusu majadiliano bila ruhusa ya mkuu wa ujumbe. Kama miezi mitatu iliyopita ulikuwa unapinga hadharani mradi wa serikali hiyohiyo, fikiri mara mbili. Wapo wanaoweza kuishi na pande hizo mbili. Wengi huishia kuaminiwa na upande mmoja tu, au wasiaminiwe na wowote.

Kuna jambo moja la kuuliza kabla ya kukata tiketi: jina lako linaingia kwenye orodha ipi? Nchi huwa na wajumbe kamili, na huwa na beji za ziada wanazopewa wafanyabiashara, wabunge, wasanii, wageni wa serikali na vijana wengi. Mwenye beji ya ziada anaonekana ukumbini kama mjumbe, lakini hahesabiwi kuwa mjumbe wa nchi na hasemi kwa niaba yake. Tangu COP28, majina ya hawa wa ziada nayo huchapishwa kwenye orodha ya washiriki, pamoja na taasisi wanakotoka. Ukipewa beji ya ziada na kuambiwa "wewe ni mjadilianaji", hayo ni maneno ya heshima tu. Ipokee kama unakwenda kujifunza. Usiipokee kama umeahidi kundi lako kwamba utabadilisha maandishi ya uamuzi.

Beji haina ada. Nauli, malazi na chakula ni habari nyingine. Mfuko wa Umoja wa Mataifa wa kusaidia ushiriki hulipia wajumbe wachache tu kwa kila nchi inayostahili, na wizara huwachagua wenye uzoefu, jambo ambalo ni vigumu kulilaumu. Kijana hutafuta kwingine. Mpango wa Climate Youth Negotiator, ulioanza 2022, huwafundisha vijana waliokwisha kuteuliwa na nchi zao. Women Delegates Fund, unaosimamiwa na shirika la WEDO, husaidia wajumbe wanawake kutoka nchi zinazoendelea. Angalia utaratibu: hawa hutaka kuona uteuzi wa serikali kwanza, kwa hiyo barua ya wizara hutangulia, pesa hufuata.

Barua ya kuomba uteuzi iwe ya ukurasa mmoja na itaje kipengele kimoja cha ajenda. Sentensi kama "nataka kuwawakilisha vijana" haimsaidii mratibu aliyelemewa na kazi. Mwambie utafuatilia kilimo chini ya kazi ya pamoja ya Sharm el-Sheikh iliyoanzishwa COP27, kwamba umeshasoma uamuzi wake, kwamba utaandika muhtasari kila jioni kabla ya saa tatu usiku, na kwamba nauli yako ina mfadhili. Ujumbe wa nchi zetu daima una vipengele vingi kuliko watu. Anayejitolea kukaa kwenye chumba ambacho hakuna mtu wa kukaa ndani yake hupata nafasi. Anayetaka kupanda jukwaani anasubiri foleni.

Kuingia kama mwangalizi

Mashirika yaliyokubaliwa kuwa waangalizi ni zaidi ya 3,000, yamegawanyika katika makundi tisa: mazingira, biashara, wakulima, watu wa asili, serikali za mitaa, watafiti, vyama vya wafanyakazi, wanawake na jinsia, na vijana. Kundi la vijana ndilo YOUNGO, lililotambuliwa kwa muda 2009 na kikamilifu 2011. Kujiunga nalo ni bure na kuna makundi ya kazi kwa mada mbalimbali. Ila uanachama wa YOUNGO peke yake si beji. Wapo wanaojiunga Septemba wakidhani wamemaliza, kumbe bado wanahitaji shirika lenye nafasi liwateue.

Kusajili shirika jipya ili lipate hadhi ya uangalizi si njia ya mkato. Sekretarieti ya mkataba wa tabianchi, huko Bonn, hutaka hati za usajili, ushahidi kwamba shirika haliendeshwi kwa faida, na maelezo ya shughuli zake. Kisha mkutano wenyewe wa COP ndio unaoidhinisha. Hesabu mwaka mzima au zaidi. Kwa anayetaka kwenda safari ijayo, njia ni kuwaendea wenye hadhi hiyo tayari: vyuo vikuu, mashirika ya dini, vyama vya wakulima, mashirika makubwa ya mazingira yenye ofisi Nairobi au Dar es Salaam. Vyuo vikuu husahaulika sana, ilhali beji zao za kundi la watafiti hufungua milango ileile.

Shirika dogo huomba beji tano likapewa mbili, au moja. Mgao huhesabiwa kwa siku, kwa hiyo beji moja inaweza kutumiwa na mtu mmoja wiki ya kwanza na mwingine wiki ya pili, mradi tarehe zao ziingizwe hivyo kwenye mfumo. Ukipewa kuchagua wiki, chagua ya kwanza kama nia yako ni maandishi. Ndipo vyombo viwili vya kitaalamu, SBSTA na SBI, vinapofanya kazi, na vikundi vingi viko wazi. Wiki ya pili ni ya mawaziri: kamera ni nyingi na milango iliyofungwa ni mingi zaidi.

Kanuni za vyumba zinafaa kujulikana, kwa sababu walinzi na hata baadhi ya wenyeviti hawazikumbuki. Kikundi rasmi cha majadiliano kiko wazi kwa waangalizi isipokuwa theluthi moja ya nchi zilizomo chumbani zipinge. Mashauriano yasiyo rasmi ni hadithi nyingine: tangu 2011 mwongozo ni kwamba, kama kipengele hakina kikundi rasmi, angalau kikao cha kwanza na cha mwisho kiweze kuwa wazi. Katikati ni hiari ya wajumbe. Vile vikao vya pembeni vya wajumbe peke yao havimhusu mwangalizi kabisa. Ukitolewa, toka kwa adabu, ubaki kwenye korido. Wajumbe hutoka kunywa kahawa, na mjumbe aliyechoka humsikiliza mtu aliyeshika karatasi yenye sentensi moja iliyokwisha kuandikwa vizuri.

Sauti ya mwangalizi kwenye kikao kikuu hupitia kundi lake, kwa kawaida dakika mbili, mwishoni, kama muda umebaki. YOUNGO huamua nani asome. Dakika mbili za Kiingereza kisicho na haraka ni maneno kama 250. Ukiandika 400 utakatwa katikati, na mara nyingi sehemu inayokatwa ndiyo iliyokuwa na dai lenyewe. Dai lianze. Wape wakalimani nakala mapema.

Hapo pana kizuizi kinachowaumiza zaidi Waswahili wa Kongo na Burundi. Vikao vikuu hufasiriwa kwa lugha sita za Umoja wa Mataifa, Kifaransa kikiwemo, Kiswahili hakimo. Lakini vikundi vya majadiliano, ambako maandishi hupikwa, huendeshwa kwa Kiingereza bila mkalimani. Anayetegemea Kifaransa atafute mwenzake wa Kiingereza wafuatilie kipengele kimoja wawili wawili, au aingie na ujumbe wa nchi ambao tayari una wajumbe wenye lugha zote mbili.

Uhuru wa mwangalizi ni mkubwa kuliko wa mjumbe, ila una uzio. Kitendo chochote cha maandamano ndani ya Eneo la Buluu, lile linalosimamiwa na Umoja wa Mataifa, huombewa kibali mapema: mahali, saa, idadi ya watu, maneno ya bango. Bango haliruhusiwi kumlenga mtu au nchi kwa jina. COP ya Durban, 2011, ilionyesha njia zote mbili za kupaza sauti, bila ruhusa na kwa ruhusa, kwa wiki moja. Mwanafunzi mmoja wa Kimarekani alimkatiza mjumbe mkuu wa Marekani, Todd Stern, ukumbini, akatolewa nje. Anjali Appadurai akasimama kwa zamu rasmi ya vijana akasema makali yasiyopungua, na ukumbi ukamsikiliza hadi mwisho. Njia ya kwanza ina bei: beji huchukuliwa, na shirika lililokuteua huwekwa kwenye matatizo. Kama ni beji ya watu wengine uliyoazimwa, waulize kwanza.

Bonn ya Juni au COP ya Novemba

Hapa ndipo uchaguzi mwingi hufanywa vibaya. COP ina jina, kwa hiyo wafadhili huilipia. Bonn haina jina, na ndiko rasimu nyingi zinakozaliwa.

| | Bonn, Juni | COP, Novemba |
|---|---|---|
| Watu | Elfu kadhaa | Makumi ya maelfu. Dubai 2023 ilizidi 80,000 |
| Mahali | Jengo moja la mikutano, World Conference Center | Hubadilika kila mwaka, mara nyingi mahema makubwa |
| Kazi | SBSTA na SBI: rasimu, mabano (maneno ambayo bado hayajakubaliwa), hitimisho | Maamuzi ya mwisho, mawaziri, marais |
| Kumpata mjumbe | Rahisi, hata mezani kwenye chakula | Umbali, walinzi na ratiba zilizojaa |
| Viza | Schengen | Kwa kawaida viza maalumu ya mwenyeji kwa waliosajiliwa |
| Habari nyumbani | Karibu hakuna | Nyingi |

Kwa anayeingia mara ya kwanza, ushauri wetu ni Bonn, hata kama picha zake hazitapendwa na wengi mtandaoni. Idadi ya vyumba ni ndogo, unaweza kufuata kipengele kimoja tangu kikao cha ufunguzi hadi hitimisho, na sura unazozizoea Juni ndizo utakazozikuta Novemba. Anayefika COP bila kupita Bonn hutumia siku tatu za mwanzo akitafuta vyumba.

Bonn ina hatari zake. Mwaka 2023 nchi zilibishana kuhusu ajenda hadi siku ya kabla ya mwisho ndipo ikapitishwa. Mwaka 2025 ubishi kama huo ulichelewesha ufunguzi kwa siku mbili. Kipengele kisipofikia hitimisho hutupwa kwenye kanuni ya 16, maana yake kinasogezwa hadi kikao kijacho bila maandishi yoyote. Mfadhili anayetaka "matokeo" aelezwe hili kabla ya safari, si baada.

Na kuna viza. Ombi la Schengen hupokelewa kuanzia miezi 6 kabla ya safari na lisiwe chini ya siku 15. Uamuzi unaweza kuchukua hadi siku 45. Bima ya safari iwe ya euro 30,000 angalau, na ada ya kawaida kwa mtu mzima ni euro 90. Kinachowaangusha vijana mara nyingi ni miadi: nafasi za Mei na Juni hujaa mapema, huku uthibitisho wa beji ukiwa bado haujatoka. Weka miadi kwanza, ukiwa na barua ya shirika, halafu ongeza barua ya usajili ikitoka. Barua hiyo haiulazimishi ubalozi kukupa viza. Wasio na ajira rasmi wapeleke ushahidi wa masomo, mkataba wa mradi, au barua ya mfadhili inayotaja wazi nani analipa nauli, malazi na posho.

Ukishapata viza, njia ni nyepesi: shuka Frankfurt, panda treni ya kasi hadi Siegburg/Bonn, kama dakika 40, kisha tramu namba 66 hadi kituo cha Heussallee/Museumsmeile. Ukumbi uko umbali wa kutembea. Malazi yakipanda bei Bonn, Cologne iko karibu nusu saa kwa treni.

Malazi ya COP hayatabiriki. Belém 2025 vyumba vilikuwa haba na ghali kiasi kwamba Brazil ilileta meli mbili za kitalii ziwe hoteli. Kwa COP31 huko Antalya, Novemba 2026, mji wenyewe una hoteli nyingi za watalii, lakini swali la kuuliza si bei ya chumba peke yake. Ni umbali wake na ukumbi, na kama kuna usafiri saa nne usiku vikao vinapoisha.

Bila beji kabisa

Usiidharau njia hii. Kabla ya kila COP kuna mkutano wa vijana, COY, na matawi yake ya kitaifa, LCOY, na ya kikanda, RCOY. Hayahitaji uteuzi wa serikali, na tamko linalotoka huko ndilo YOUNGO hupeleka mbele. Eneo la Kijani la COP husimamiwa na nchi mwenyeji na huwa kwa umma. Mwenye beji ya Buluu anaweza kuingia huko, ila wa Kijani haingii Buluu. Mikutano ya Afrika ya tabianchi, Nairobi Septemba 2023 na Addis Ababa Septemba 2025, ni mizuri kwa kukutana na mawaziri, lakini haikuwa majadiliano. Hakuna mabano yaliyofutwa pale.

Kundi la vijana lenye pesa ya nauli moja tu laweza kufanya hivi: mmoja aende, wanne wabaki nyumbani kama dawati. Vikao vikuu na vingine vingi hurushwa mubashara kwenye tovuti ya sekretarieti, rasimu hupandishwa hapo siku hiyohiyo, na jarida la Earth Negotiations Bulletin hutoa muhtasari kila siku. Dawati hulinganisha rasimu ya jana na ya leo, hutafuta neno lililobadilika, kisha humtumia aliye ukumbini ujumbe mfupi kabla ya kikao: aya ya ngapi, neno gani, nchi gani ililipendekeza. Tofauti kati ya "zitafanya" na "zinahimizwa kufanya" humpita mtu aliyelala kwa muda wa saa nne tu, lakini haimpiti aliyelala kwa muda wa saa nane akiwa Mwanza.

Kipengele gani, kwa yeyote

Wengi hukimbilia fedha. Ndiko wataalamu wakongwe waliko, na kwenye COP ya Baku, 2024, lengo la dola bilioni 300 kwa mwaka ifikapo 2035 liliamuliwa na mawaziri usiku, si na vikundi vya wazi. Mgeni apate nafasi ya kushika kazi kwenye chumba kidogo zaidi. Kipengele cha elimu, mafunzo na ushiriki wa umma, kinachotokana na ibara ya 6 ya mkataba wa tabianchi wa 1992 na ibara ya 12 ya Mkataba wa Paris na kinachojulikana kwa kifupisho ACE, kina wajumbe wachache, maandishi mafupi, na nchi kadhaa humpa kijana kibao chake. Kilimo na jinsia hufuata. Lawama ni kwamba vijana "hufichwa" kwenye ACE, na lawama hiyo ina ukweli. Lakini humo ndimo mtu hujifunza kuomba neno, kupendekeza badala ya kulalamika, na kutoa neno moja ili kulinda jingine. Kikao cha pili ahamie kwingine.

Walio chini ya miaka 18 wajue wanahitaji idhini ya mzazi na mtu mzima wa kuandamana naye, naye pia anahitaji beji. Kwa shirika lenye beji mbili, hiyo ni mgao wote.

Kuelekea Addis

COP32 itakuwa Addis Ababa, 2027, na kwa Afrika Mashariki hiyo hubadilisha hesabu nzima. Mkenya hahitaji viza kuingia Ethiopia, na safari ya ndege kutoka Nairobi ni kama saa mbili. Kwa sababu hiyo maombi ya beji yatakuwa mengi kuliko mgao, hasa kwa mashirika ya ukanda huu. Anayetaka kuingia na ujumbe wa nchi aanze kuonekana Bonn ya Juni 2027, au mapema zaidi, kwenye vikao vya maandalizi vya wizara ambavyo huwa na viti vitupu. Shirika linalotaka hadhi yake lenyewe lipeleke maombi sasa. Chanjo ya homa ya manjano ipigwe angalau siku 10 kabla ya kusafiri, cheti kiwekwe pamoja na pasipoti, na koti lisiachwe: Addis iko juu, zaidi ya mita 2,300, na Novemba usiku wake ni baridi kwa mtu wa pwani.